Vipusa Wanne na Nyumba za Watu

Jumamosi moja, muda kidogo baada ya sala ya Isha, mpwa wangu alibisha hodi akiwa na mkoba mkononi, na mkobani mlikuwa na kitabu alichokinunua kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu kwa shilingi 150. Aliniamkia, akaketi, kisha akakitoa kile kitabu na kukiweka mezani kifudifudi. Nikajua kuna jambo. Mtoto akificha jalada la kitabu mbele ya mjomba wake, basi ama jalada lenyewe halionyeshiki, ama yaliyomo ndani hayasemeki.

"Mjomba," akaniambia, "nimekisoma mpaka mwisho na nimekasirika. Nataka na wewe ukisome, halafu uniambie kama ni mimi nisiyejua kusoma au ni mwenyewe asiyejua kuandika."

Huo, msomaji, ndio mwanzo wa habari hii. Kitabu kinaitwa Four Blondes, maana yake wanawake wanne wenye nywele za rangi ya dhahabu, na mtungaji wake ni Bi. Candace Bushnell wa Marekani. Kilitolewa mwaka 2000. Nimekisoma kwa siku nne, hadithi moja kila usiku, na leo natoa jibu langu mbele ya watu badala ya kumpa yeye peke yake, kwa sababu najua si yeye tu aliyekisoma. Vitabu vya namna hii huzunguka chini kwa chini katika nyumba zetu, kutoka kwa dada hadi kwa wifi, na wanaume wa nyumba hawana habari.

Kwanza nimjulishe msomaji huyu mtungaji. Bi. Bushnell alizaliwa mwaka 1958 katika mji wa Glastonbury, jimbo la Connecticut, akenda New York akingali kijana. Mwaka 1994 alianza kuandika makala katika gazeti la New York Observer, akisimulia visa vya mapenzi vya watu wenye nafasi zao katika mji ule: nani kamwacha nani, nani anamtafuta nani, na kwa shabaha gani. Makala hayo yalikusanywa yakawa kitabu, Sex and the City, na kuanzia mwaka 1998 hadi 2004 yakawa mchezo wa televisheni uliotazamwa pande nyingi za dunia. Hata huku kwetu ulifika, na nina hakika zipo nyumba ambazo mzazi aliuzima na kijana akauwasha tena mzazi alipokwenda kulala.

Basi alipokitoa Four Blondes Bi. Bushnell hakuwa mwanagenzi. Jina alikuwa nalo, mchezo ulikuwa umepamba moto, na wasomaji walikuwa wamekwisha kujipanga. Tena jicho lake ni kali. Angeweza kuingia katika karamu na kutoka baada ya nusu saa, akakwambia kila aliyekuwamo kavaa nini, kimelipiwa na nani. Mtu mwenye jicho kama hilo akiandika kitabu dhaifu, uchungu wake ni mkubwa kuliko wa kitabu cha mtu asiyejua.

Wapo watakaoniambia, hadithi za wanawake wa namna hiyo zina nini hata ziandikiwe gazetini? Si kuziacha tu? Naisikia hoja yao. Mna mambo humo ambayo siwezi kuyarudia hapa, wala si kitabu cha kuachwa sebuleni penye watoto. Lakini sitaki kujificha nyuma ya aibu. Alfu Lela Ulela, ambayo wazee wetu waliisimulia na kuipenda, yafunguka kwa kisa cha wafalme wawili ndugu waliofanyiwa hiana na wake zao, na hakuna aliyeitupa baharini kwa hilo. Ubaya wa kitabu hiki si kwamba kinaeleza mambo ya faragha. Ubaya wake ni kwamba kinayaeleza, kisha kinatuacha hatujui chochote tusichokijua kabla.

Hadithi ni nne, na majina yake yote yametoka katika mambo ya kutia nywele rangi. Nice N'Easy ni jina la rangi inayouzwa katika kisanduku madukani. Highlights ni ile michirizi ya rangi inayopitishwa nyweleni. Platinum ni rangi nyeupe inayometa kama fedha. Single Process ni kupaka mara moja tu na kumaliza. Akina mama wanaojua tofauti ya hina na piko watauona mzaha uliomo: dhahabu hii ya vichwani ni ya chupa. Nilicheka nilipoligundua hilo, na nikaketi vizuri nikitazamia mengi. Nywele iliyotiwa rangi, zikipita wiki chache, shina lake huonekana. Nikasema huyu mtungaji atatuonyesha mashina.

Hadithi ya kwanza ndiyo bora, na ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Ndani yake yumo Janey Wilcox, mwanamke mzuri sana wa sura, aliyepata kuwa mwanamitindo na aliyecheza filamu moja zamani. Ili umfahamu Janey sharti ufahamu kwanza mahali panapoitwa Hamptons. Ni vijiji vya pwani, mashariki ya kisiwa cha Long Island, mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari kutoka New York: Southampton, Bridgehampton, East Hampton na vinginevyo. Joto likianza, matajiri wa mji huhamia huko, na msimu wao huanza siku ya mapumziko ya mwisho wa Mei na kwisha siku ya wafanyakazi, mwanzo wa Septemba. Asiye na nyumba hupanga, na kodi ya msimu mmoja ni mali ya kumjengea mtu nyumba nzima huku kwetu. Asiyeweza hata kupanga hukaribishwa, na anayekaribishwa lazima awe na kitu cha kukaribishiwa.

Janey amekwenda Hamptons kila mwaka kwa miaka kumi na hajapata kulipa kodi. Anachofanya ni hiki. Kabla msimu haujaanza humchagua mwanamume mwenye nyumba. Msimu ukiisha, na mapenzi yamekwisha, bila ya magomvi wala machozi. Nyumba huikagua kuliko anavyomkagua mwenyewe: bwawa lipo au halipo, bahari iko mbali kiasi gani, jirani ni nani, karamu zinazofaa mwenye nyumba hualikwa au hualikwi. Hapo Bi. Bushnell anaandika kama dalali wa mnada, na hilo nalisema kwa kumsifu. Hampambi Janey wala hamtukani. Anaandika bei, na kurasa zile ndizo nilizozisoma upesi kuliko zote.

Kisha Janey anachoka. Anagundua kwamba mwanamume anapatikana, bali kile anachokitaka hasa hakipatikani kwa njia hiyo. Anataka mlango wake mwenyewe, ufunguo wake mwenyewe. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikaenda kujimiminia kahawa, maana nilidhani sasa ndipo hadithi inapoanza.

Naomba nitoke kando kidogo. Katika Lamu ya zamani, waungwana wenye majumba ya mawe walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa. Mara nyingine baba alimjengea orofa juu ya nyumba yake mwenyewe, au alipitisha wikio juu ya njia ili mama na binti watembeleane bila ya kutoka nje. Mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Ndoa ikivunjika, yeye ndiye aliyetoka na kanzu zake. Na hata pasipo desturi hiyo, sheria yetu yasema malazi ni haki ya mke juu ya mume. Si zawadi, wala si malipo ya uzuri wake. Kwa hiyo msomaji wa pwani akimwona Janey anahangaikia nyumba hamshangai. Anajua kabisa kwamba mwanamke mwenye dari lake huzungumza kwa sauti nyingine na yule aliye chini ya dari la mtu. Sisemi kwamba akina bibi wa Lamu hawakuwa na dhiki zao. Walikuwa nazo, na nyingi zilikaa ndani ya kuta zile zile. Nasema tu kwamba Bi. Bushnell, labda bila ya kujua, alikuwa ameshika jambo ambalo bibi yangu angelifahamu bila ya kufasiriwa.

Basi akafanya nalo nini? Akaliacha. Kazi ya matangazo ya nguo za ndani inamshukia Janey, fedha zinaingia, na shida zinanyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Hatumwoni akilipa gharama ya uamuzi wake, kwa kuwa bahati ndiyo iliyomlipia. Mtungaji mwenyewe nadhani alijua hakummaliza, maana mwaka 2003 alimrudia katika kitabu kizima, Trading Up. Lakini hadithi fupi si kiingilio cha kitabu kijacho. Yapasa isimame kwa miguu yake.

Mtu asije akasema kwamba maisha ya wanawake wa fahari hayawezi kutoa kitabu kizuri. Katika mji ule ule wa New York, Bi. Edith Wharton aliandika The House of Mirth, kilichotolewa mwaka 1905. Mwanamke wa kitabu kile, Lily Bart, ana miaka 29, ni mzuri, hana mali, na anaishi kwa kukaribishwa katika majumba ya matajiri. Ni Janey wa karne ya nyuma. Lakini Bi. Wharton anatuwekea hesabu yote mezani: deni la karata, neno lisilofaa lililosemwa mbele ya mtu asiyefaa, nyumba moja baada ya nyingine ikifungwa, mpaka Lily anaishia katika chumba cha kupanga na dawa ya usingizi. Kila hatua unaona angeweza kugeuka, na unaona kwa nini hakugeuka. Sikupata kumchukia Lily hata mara moja. Janey sikumchukia wala sikumpenda, nilimsahau tu.

Hadithi ya pili inahusu mume na mke, wote wawili waandishi wa habari, wenye mtoto mdogo. Mke ana cheo na mshahara, mume ana sifa ya kuwa mtu wa mawazo, ila mawazo hayaleti mapato, na wivu wao ni wa kazi kabla ya kuwa wa mapenzi. Kisa kizuri hicho! Nawajua watu wa namna hiyo katika kazi hii yetu, na sitawataja. Lakini mtungaji anawadharau wote wawili tangu ukurasa wa kwanza, na mtu akidharauliwa tangu mwanzo hana mahali pa kuanguka. Kila mmoja anakwenda kutafuta faraja nje, na msomaji anahesabu kurasa zilizobaki.

Ya tatu ni ya Cecelia, msichana aliyeolewa na mwana wa mfalme, na imeandikwa kama daftari lake la kila siku. Anameza vidonge, anaogopa wapiga picha, anamshuku mumewe, na anatamani maisha ya mtu yeyote isipokuwa yake. Hapa nilimkumbuka Bi. Anita Loos, ambaye mwaka 1925 alitoa Gentlemen Prefer Blondes, kitabu ambacho watu wengi wanakijua kwa ile filamu ya mwaka 1953 aliyoicheza Marilyn Monroe. Nacho ni daftari la mwanamke mwenye nywele za dhahabu, Lorelei Lee, na Bi. Loos alifanya ujanja mmoja tu, lakini mkubwa: Lorelei anaandika kwa makosa ya tahajia na kwa moyo mweupe, na sisi tunaona yale ambayo yeye mwenyewe haoni. Kila anaposema bwana fulani anamjali kwa ajili ya elimu yake, sisi tunajua bwana yule anajali nini. Cecelia wa Bi. Bushnell naye haoni, lakini na sisi hatuoni zaidi yake. Tumefungiwa pamoja naye chumbani, mapazia yameshushwa, na joto limezidi.

Kuhusu ya nne sina mengi. Mwandishi mwanamke, ambaye ujana unampa kisogo, anatumwa London kuandika juu ya mapenzi ya Waingereza, na moyoni anakwenda kutafuta mume. Anakutana na Waingereza kadhaa wanaokunywa mno. Ni makala ya gazeti iliyovikwa kanzu ya hadithi, na kanzu yenyewe fupi.

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ugonjwa wa kitabu kizima ulipo. Bi. Bushnell alijifunza kuandika kwa safu ya gazeti, na safu ya gazeti ni kama baisikeli, ukisimama unaanguka. Kwa hiyo hasimami. Mwanamke akikaribia kusema neno la kweli, simu inalia, au anaingia mtu mwingine mwenye viatu vya fundi maarufu, na majina ya mafundi na mikahawa yanamiminwa kama mchele sokoni. Majina hayo mwaka 2000 huenda yalikuwa na mng'aro. Leo mengi yamekuwa kama tikiti la sinema iliyokwisha kuonyeshwa. Nasema haya nikijua mimi mwenyewe ni mtu wa safu ya gazeti, na kwamba ugonjwa huo wanijua kwa jina.

Lipo na jingine. Katika kurasa zote zile sikumwona mwanamke mmoja aliyekaa na mwenzake bila ya kumpima. Huku kwetu tuna riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotolewa mwaka 1999. Yasmin naye ni mrembo, na mapenzi yake ndiyo yanayoendesha kitabu. Anaikimbia nyumba ya Bwana Raza, mzee aliyeozwa kwake, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke asiye na mali, katika chumba chake uswahilini. Urafiki wa wale wawili ndio unaotufanya tuamini mapenzi mengine yote ya kitabu. Wanawake wanne wa Bi. Bushnell hawana Mwajuma. Kama mtungaji angetuonyesha kwamba hiyo ndiyo hasara yao, ningemvulia kofia. Lakini naona hakuligundua.

Mpwa wangu alirudi wiki iliyofuata, nami nikamwambia yote haya, pengine kwa maneno makali zaidi. Alisikiliza, akanywa chai yake, kisha akasema:

"Mjomba, hayo ya akina Wharton siyajui. Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kuona mwezi wa Oktoba."

Nikamuuliza Oktoba ya nini.

"Kila msimu wa Janey unaisha Septemba. Mapenzi yanakwisha, nyumba inafungwa, anarudi mjini. Halafu ukigeuza ukurasa ni msimu mwingine. Oktoba anaamka vipi? Anamwambia nini mamake? Akikaa peke yake anajionaje? Mwandishi hakunionyesha hata asubuhi moja."

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini alikasirika, na lazima nikiri jambo ambalo sikulisema hapo mwanzo. Siku tatu kabla ya yeye kuja na kile kitabu, dada yangu, mamake, alinipigia simu. Kuna mtu amepeleka posa. Ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na ana nyumba Nyali, kubwa, yenye bustani. Binti hajakataa wala hajakubali. Ana miaka 27, ana kazi yake, anapanga vyumba viwili ambavyo kodi yake inapanda kila mwaka, na mama anaogopa. Dada alitaka niseme na binti. "Wewe ndiye mjomba," aliniambia, "wewe anakusikia. Mwambie nyumba kama ile haiji mara mbili."

Nami nilikuwa nimetayarisha maneno yangu. Sasa nikamtazama mpwa wangu, naye akanitazama, na kitabu kikiwa mezani baina yetu, kifudifudi kama siku ile ya kwanza.

"Huyo bwana," nikamuuliza, "umepata kuzungumza naye?"

"Mara mbili, mbele ya mama. Alinieleza habari za nyumba."

"Nyumba tu?"

"Vyumba sita, Mjomba. Vyote nimevijua. Yeye mwenyewe sijui hata anacheka na nini."

Sikumwambia yale niliyoagizwa. Nilimwambia amwombe mamake nafasi ya tatu ya kuzungumza, na safari hii mimi nitakaa nao, na habari za nyumba zisitajwe hata kidogo. Akaitika. Nikamwazima The House of Mirth, nakala yangu kuukuu yenye jalada lililopasuka, nikamwonya kwamba mwisho wake ni mzito. Akasema haidhuru, mradi una mwisho.

Four Blondes amekiacha kwangu. Yeyote anayekitaka aje akichukue bure, lakini aje na mfuko. Dada yangu amekwisha kunipigia simu mara mbili tangu Jumapili, na leo jioni, baada ya kuipeleka makala hii kwa mhariri, sina budi kumjibu.